Kuthibitisha Maelezo ya Wasifu: Mfano wa Rubani Roald Dahl

Swali lililozaa makala haya liliulizwa darasani, katika shule moja ya upili hapa Turkana, wakati wa kipindi cha tawasifu. Nilikuwa nimewaeleza wanafunzi wa Kidato cha Tatu habari za mwandishi mmoja wa Uingereza aliyewahi kuishi Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, akawa rubani wa ndege za kivita katika Vita vya Pili vya Dunia, na akaangushwa na adui huko Libya. Maelezo hayo niliyasoma kutoka kwenye daftari la maandalio nililorithi kwa mwalimu aliyenitangulia. Mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni katika kambi ya Kakuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunajuaje kwamba aliangushwa? Amesema nani?" Nikajibu kwa haraka kwamba amesema mwenyewe. Akaketi, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuridhika, na jioni ile nilipoyapitia upya maelezo yangu hata mimi sikuridhika.

Nilikuwa na sababu. Rubani huyo, Roald Dahl, amesema mambo mawili yasiyopatana kuhusu kuanguka kwake, na yote mawili yamechapishwa. Aidha, kumbukumbu za kikosi chake zinatoa maelezo ya tatu. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kuyapima maelezo ya aina hii, kwa kuwa utanzu wa wasifu na tawasifu tunaufundisha kila mwaka, na aghalabu tunaufundisha kana kwamba kila kilichoandikwa katika nafsi ya kwanza kimekwisha kuthibitishwa.

Mfano ulio karibu nasi

Huku kwetu somo la uthibitishaji halihitaji kuanzia mbali. Mnamo Agosti 1984, Kamoya Kimeu, mtaalamu wa kutafuta visukuku aliyekuwa akifanya kazi na jopo la Richard Leakey, aliona kipande kidogo cha fuvu karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifichua kiunzi cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu wakaanza, kwa namna fulani, kumwandikia wasifu. Alikuwa na umri gani alipofariki? Waliotumia vigezo vya ukuaji wa mtoto wa leo walisema miaka kumi na miwili hivi, wengine wakazidisha. Baadaye waliochunguza tabaka za meno kwa hadubini walisema huenda alikuwa na miaka minane au tisa tu. Kimo ambacho angefikia utu uzimani kilikadiriwa kuwa sentimita 185. Mnamo 2010 wataalamu wengine walikishusha hadi karibu sentimita 163.

Wanafunzi wangu wengi wamelisikia jina la Nariokotome kwa sababu ya mvulana huyu, na baadhi yao wana jamaa huko. Wanapoambiwa kwamba umri wake umebadilishwa na wataalamu zaidi ya mara moja, hawasemi kwamba wataalamu wa kwanza walikuwa waongo. Wanauliza kipimo gani kilitumika. Hilo ndilo swali ninalotaka waliulize wanapokuta mbele yao mtu anayejieleza kwa wino badala ya mifupa. Tofauti ni kwamba mifupa haijisifu.

Rubani aliyetokea Dar es Salaam

Dahl alizaliwa Septemba 13, 1916 huko Llandaff, Cardiff, kwa wazazi waliotoka Norway. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akatumwa Dar es Salaam. Vita vilipozuka Septemba 1939 alipewa kwa muda uongozi wa askari wa King's African Rifles waliotakiwa kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi Tanganyika. Novemba mwaka huohuo alisafiri kwa gari hadi Nairobi, akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Alijifunza kuruka hapo Nairobi kwa ndege ndogo za Tiger Moth. Alikuwa mrefu kupita kiasi, karibu mita mbili, na kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo. Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, Iraki, kwa mafunzo zaidi, na mnamo Agosti 1940 akapewa cheo cha afisa.

Septemba 19, 1940 alianguka katika jangwa. Alipasuka fuvu, pua ikavunjika, akawa kipofu kwa muda. Baada ya miezi ya matibabu alirudi kazini, akapigana Ugiriki Aprili 1941, kisha akaruka kutoka Haifa dhidi ya majeshi ya Ufaransa ya Vichy. Maumivu ya kichwa yalimzuia kuendelea kuruka. Mwaka 1942 alipelekwa Washington kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza, na huko ndiko uandishi wake ulikoanzia. Alifariki Novemba 23, 1990.

Haya ndiyo mambo ambayo ushahidi wake hauna utata mkubwa. Sasa tuliangalie lile lililo na utata.

"Aliangushwa Libya"

Agosti 1, 1942 jarida la Marekani, The Saturday Evening Post, lilichapa masimulizi yaliyoitwa "Shot Down Over Libya", yaani rubani ameangushwa kwa risasi juu ya anga la Libya. Mwandishi hakutajwa jina. Wasomaji waliambiwa tu kwamba ni rubani wa Uingereza aliyeko Marekani kwa sababu za kiafya. Yalitolewa kama habari ya kweli. Rubani huyo alikuwa Dahl.

Miaka 44 baadaye, katika tawasifu yake Going Solo ya mwaka 1986, Dahl alilisimulia tukio hilo upya. Safari hii hakuna adui wala risasi. Kuna kijana aliyepewa ndege ya Gloster Gladiator, ndege ya mtindo wa zamani yenye mabawa ya juu na chini, aipeleke kwenye kikosi chake kipya, Kikosi cha 80. Alitua mara mbili njiani kujaza mafuta. Katika kipande cha mwisho cha safari aliutafuta uwanja alioelekezwa, kilomita hamsini hivi kusini mwa Mersa Matruh, asiuone. Jua likazama, mafuta yakakaribia kwisha, akaamua kutua mchangani. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikapiga pua chini na kushika moto. Dahl aliandika pia kwamba uchunguzi wa jeshi ulibainisha kuwa mahali alipoelekezwa hapakuwa sahihi.

Mwalimu anaweza kuishia hapo na kusema kwamba maelezo ya 1986 ni ya kweli kwa kuwa ni ya mwisho. Hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Tunahitaji ushahidi usiotoka kinywani mwa Dahl, na kwa bahati nzuri upo wa aina kadhaa.

Wa kwanza ni ramani, na hauhitaji maktaba kubwa. Atlasi ya shule inatosha. Mersa Matruh iko Misri, pwani ya Bahari ya Kati, na kutoka hapo hadi mpaka wa Libya ni takriban kilomita 200. Kwa hiyo hata kama rubani angeangushwa kwa risasi karibu na Mersa Matruh, asingeangushwa Libya. Nimewapa wanafunzi atlasi na kichwa cha makala ya 1942, nikanyamaza. Haikuchukua dakika tano.

Wa pili ni kalenda. Mafunzo ya rubani wa kivita wakati huo yalikuwa na hatua zake, na tarehe za Dahl zinajulikana: Novemba 1939 kujiunga, Agosti 1940 cheo, Septemba 19 ajali. Siku ya ajali ndiyo siku aliyokuwa akienda kuripoti kikosini. Rubani ambaye bado hajafika kikosini hajapangiwa shambulio lolote. Anayedai aliangushwa katika mapambano siku hiyo anatakiwa atueleze alipewa amri na nani.

Wa tatu ni kumbukumbu za Kikosi cha 80 chenyewe. Kila kikosi cha jeshi hilo kilikuwa na kitabu cha kuandikia matukio ya kila siku, na vitabu hivyo vimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza. Kitabu cha Kikosi cha 80 kinaeleza kwamba afisa Dahl alikuwa akileta ndege kikosini, kwamba hakuwa amezoea kuruka juu ya jangwa, kwamba alijaribu kutua kwa dharura maili mbili magharibi mwa Mersa Matruh bila mafanikio, na kwamba ndege ilishika moto naye akaungua vibaya. Hakuna mahali panapotajwa adui.

Basi swali la mwanafunzi wangu lina jibu: hakuangushwa. Lakini naomba walimu wenzangu wasifunge kitabu bado, kwa sababu hapa ndipo panapomfaa mhakiki wa fasihi zaidi ya mwanahistoria.

Linganisha maelezo ya Dahl ya 1986 na kitabu cha kikosi. Dahl anasema alikuwa akitafuta uwanja ulio kusini, mbali na pwani. Kitabu kinaweka ajali karibu na mji, upande wa magharibi. Dahl anasema alipewa mwelekeo usio sahihi. Kitabu kinasema rubani hakuwa na uzoefu wa jangwa. Kila upande umetaja sababu inayouepusha na lawama. Rubani anawalaumu waliomwelekeza, na kikosi kinamlaumu rubani. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba hati rasmi ni ushahidi na tawasifu ni maoni. Mimi naona hati rasmi nayo ina nafsi-neni yake: kuna karani au afisa aliyeketi, akachagua maneno, akijua ni nani atayasoma. Neno lenye maana ya "kwa bahati mbaya" katika ripoti ya kijeshi lina toni kama neno lolote la shairi. Mtahiniwa aliyefunzwa kutambua toni katika Karatasi ya Fasihi ana kifaa cha kusomea ripoti hiyo. Hajaambiwa tu kwamba anaweza kukitumia huko.

Kwa nini basi ile habari ya 1942? Tusikimbilie kumwita mtu mwongo. Dahl alikuwa afisa wa ubalozi katika nchi ambayo Uingereza ilitaka iendelee kuunga mkono vita kwa moyo wote, na habari ya rubani aliyepigwa risasi ina mvuto kuliko ya rubani aliyeishiwa mafuta. Jarida nalo lilikuwa na wasomaji wa kuwavutia. Kwa maelezo ya Dahl mwenyewe, habari hiyo ilianza pale mwandishi C. S. Forester alipomtafuta amsimulie mkasa wa vita ili auandike. Dahl akaona ni rahisi zaidi kuandika mwenyewe na kumpelekea, akalipwa dola 1,000 kabla ya kukatwa ada ya wakala. Baadaye, mwaka 1946, alichapisha hadithi iitwayo "A Piece of Cake" katika mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi, na kwa miaka mingi aliitaja kuwa ndiyo ileile aliyomwandikia Forester. Zikiwekwa pamoja, hazifanani. Kwa hiyo hata maelezo ya jinsi alivyoanza kuandika yanahitaji kupimwa.

Cheki ya pauni tano

Kuna ushahidi mwingine ambao naupenda kwa kuwa hauhitaji hifadhi ya nyaraka: kuviweka vitabu viwili vya mtu mmoja kimoja kando ya kingine. Katika Going Solo, Dahl anasimulia kisa cha simba aliyembeba mke wa mpishi kinywani katika sehemu za Tabora, mwanamke akatoka salama salimini. Anasema gazeti moja la Nairobi lilimwomba aandike alichokiona, likampa cheki ya pauni tano, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa. Ilhali katika maelezo yake mengine, kazi ya kwanza ni ile ya Forester, mwaka 1942, iliyomfungulia mlango asioutarajia. Zote mbili haziwezi kuwa za kwanza.

Huenda alisahau. Huenda aliona habari ya gazetini si "kazi" kama hadithi ni kazi. Mwanafunzi anaweza kutetea upande wowote na akapata alama, mradi awe ameuona mgongano wenyewe. Ninachokataa ni jibu linaloutaja ukweli mmoja na kunyamazia wa pili.

Upanga wa Mdisho

Sehemu hii inawahusu walimu wa Kiswahili kuliko wasomaji wengine wote wa Dahl. Katika kitabu hichohicho kuna mtumishi wake wa Dar es Salaam aitwaye Mdisho. Vita vilipotangazwa, Mdisho anauchukua upanga wa Kiarabu uliokuwa ukutani, anakimbia usiku hadi kwa Mjerumani tajiri mwenye shamba la mkonge, anamkata kichwa, na anarudi asubuhi akitarajia kusifiwa. Bwana wake anashtuka, anamweleza kwamba jambo hilo lisisemwe kwa mtu yeyote, na anamzawadia upanga.

Kisa kimeandikwa kwa ustadi; kinasisimua, na Mdisho ana heshima kuliko Wazungu kadhaa waliomo kitabuni. Lakini tukipime. Kwanza, msimulizi ametuambia kwamba jambo lilifichwa, maana yake amekwisha kutueleza kwa nini tusitafute shahidi mwingine. Hii ni mbinu ya usimulizi inayojulikana, na mhakiki anapoiona ana haki ya kupunguza mwendo. Pili, kuna lugha. Dahl anamwita Mdisho mtu wa kabila la "Mwanumwezi". Kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anajua ngeli ya A-WA: Mnyamwezi mmoja, Wanyamwezi wengi. Mtu aliyeishi Tanganyika na kujisifu kwa kujifunza Kiswahili, akaishi nyumba moja na Mnyamwezi, angetarajiwa kulisikia jina hilo sawasawa. Hatuwezi kulitupa kando kwa kuwa aliandika miaka karibu 50 baadaye na sikio lake huenda lilimsaliti, lakini ni alama ya penseli pembeni ya ukurasa. Tatu, anadai kwamba hilo ndilo kabila pekee lililowahi kuwashinda Wamasai vitani. Historia ya Tanganyika haisemi hivyo. Wahehe, kwa mfano, wana sifa zao za kupigana na Wamasai. Maneno ya aina ya "pekee", "wa kwanza", "hakuna mwingine" ni ya kusimamishwa kila yanapotokea katika wasifu wa askari.

Je, basi Mdisho hakuwapo? Hoja zangu haziendi mbali kiasi hicho. Mtumishi aliweza kuwapo, na upanga ukawapo ukutani, na kisa kikatungwa juu yao. Ninachosema ni kwamba mauaji hayo yanasimama juu ya neno la mtu mmoja, na mtu huyo tumemkamata mahali pengine akiwa na habari mbili kwa tukio moja. Linaniudhi jambo jingine pia: katika kitabu kizima Mdisho hana fursa ya kusimulia lolote isipokuwa kupitia Kiingereza cha bwana wake. Ningependa mtahiniwa anayejadili usawiri wa wahusika alione hilo kabla ya kuona upanga.

Kuna mahali ambapo uchunguzi umemwongezea Dahl sifa badala ya kumpunguzia, na haki inataka tulitaje. Idadi ya ndege alizoangusha Ugiriki na Haifa ilikuwa ngumu kuhesabika, hasa baada ya Aprili 20, 1941, siku ya mapambano makubwa juu ya Athens ambapo kikosi kilipoteza marubani, akiwamo Pat Pattle wa Afrika Kusini aliyekuwa kiongozi wao. Watafiti wa baada ya vita waliyalinganisha madai ya marubani wa Uingereza na kumbukumbu za upande wa pili, wakamhesabia Dahl ndege tano, idadi inayomweka katika kundi la marubani bingwa. Kwa hiyo mtu aliyetia chumvi ajali yake hakuwa na haja ya kuongeza chumvi katika ushujaa wake. Vilevile barua zake zimesalia: mama yake alihifadhi zaidi ya 600, na baadhi zilichapishwa mwaka 2016. Barua iliyoandikwa wiki ya tukio ina uzito ambao tawasifu ya uzeeni haina. Hata hivyo mwana anapomwandikia mama yake kutoka vitani huficha pia, na kuna msimamizi wa jeshi anayesoma kila barua kabla haijafungwa.

Marubani wetu

Wanafunzi wataandika wasifu wa Wakenya kabla ya kuandika wa Dahl, na makosa yaleyale yanajitokeza. Nimesahihisha insha inayomtaja Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kama rubani wa kivita. Ochuka alikuwa katika Jeshi la Anga, lakini alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa karibu na mwisho wa ngazi. Na mapinduzi yaliposhindwa, yeye na mwenzake walilazimika kuwashurutisha marubani wawapeleke Tanzania. Aliyehitaji kulazimisha rubani hakuwa rubani. Neno "Jeshi la Anga" limemfanya mwandishi wa insha aone mbawa zisizokuwapo.

Upande wa pili kuna Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki Aprili 18, 2024 katika ajali ya helikopta huko Sindar, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, pamoja na wanajeshi wengine tisa. Yeye alikuwa rubani wa ndege za kivita kweli, aliyejiunga na jeshi mwaka 1984. Wiki chache baadaye insha mbili zilinijia zikisema alifariki akiendesha ndege ya kivita. Maneno matatu ya kweli, yaani rubani, ndege, ajali, yameunganishwa na kuzaa sentensi ya uongo. Siku hiyo alikuwa abiria, akitoka kuwatembelea wanajeshi wa kaskazini mwa Bonde la Ufa na shule zilizokuwa zikikarabatiwa. Niliwarudishia waandishi insha zao bila hasira. Familia ya marehemu inaweza kusoma insha ya mtoto wa shule, na ina haki ya kuikuta sahihi.

Januari mosi

Narudi kwa yule mwanafunzi. Tulipomaliza kumchunguza Dahl, kila mmoja alipewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa tawasifu yake. Nilitarajia kwamba sasa wangeandika kwa uangalifu. Sikutarajia kwamba wengine wangeogopa kuandika kabisa. Yeye aliniletea karatasi yenye sentensi moja: alizaliwa Januari 1, kisha mwaka, kisha amefuta. Nikamuuliza kwa nini ameacha. Akaniambia kwamba Januari 1 ndiyo tarehe iliyo kwenye kadi yake, na ya kaka yake, na ya mama yake, na ya majirani watatu. Walipofika Kakuma hawakuwa na cheti, na mwandikishaji alihitaji tarehe. "Ukinichunguza kama Dahl, mwalimu, utanikuta mwongo."

Yeyote anayefundisha hapa anajua kwamba hilo si swali la alama tu. Kuna watu ambao siku moja wataulizwa maisha yao na afisa aliye na faili mezani, na kutopatana kwa tarehe mbili kunaweza kuchelewesha safari ya familia kwa miaka. Kwao uthibitishaji wa wasifu una meno. Nikagundua kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nimewafundisha kuwa upande wa anayeuliza, nikasahau kwamba nusu ya darasa iko upande wa anayeulizwa.

Kwa hiyo tulianza upya, na nikamtumia Shaaban Robert. Naye huandikwa kwamba alizaliwa Januari 1, 1909, huko Vibambani karibu na Tanga, na hakuna anayemwona mwongo kwa sababu hiyo. Aliandika tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na pia wasifu wa mtu mwingine, Wasifu wa Siti binti Saad, kwa hiyo alizijua kazi zote mbili: kujieleza na kumweleza mwenziwe. Tuliyatenga mambo ambayo mtu anaweza kuyajua juu ya nafsi yake kwa kuyaona, yale anayoyajua kwa kuambiwa, na yale yaliyoandikwa na mwingine kwa niaba yake. Tarehe ya kuzaliwa haimo katika fungu la kwanza kwa mtu yeyote duniani. Ajali ya Dahl imo. Hapo ndipo lilipo kosa la rubani: alikuwapo, alijua, akaacha habari nyingine itembee kwa jina la ukweli. Mtoto aliyepewa Januari mosi hakuwapo kwa maana hiyo. Ameshika alichopewa.

Kwa mtahiniwa, kanuni hii inafaa pia katika riwaya. Bado nasahihisha majibu yanayosema kwamba mwandishi wa Siku Njema alizaliwa Tanga. Kongowea Mswahili ndiye wa Tanga. Ken Walibora alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Nafsi ya kwanza imemhadaa msomaji kama ilivyowahadaa wasomaji wa 1942, ila Walibora aliitoa kazi yake kama riwaya, na jarida la Marekani halikufanya hivyo. Swali likitaka umzungumzie msimulizi, mzungumzie msimulizi. Likitaka umzungumzie mwandishi, taja tu unachoweza kusema umekitoa wapi.

Mwanafunzi wangu aliandika upya ukurasa wake. Ulianza kwa kusema kwamba kadi inataja Januari 1. Kwamba mama yake anakumbuka mvua zilikuwa zimeanza na mto ulikuwa haupitiki. Na kwamba yeye mwenyewe jambo la kwanza analokumbuka ni lori na vumbi, njia ya kutoka Lokichoggio. Nilimpa alama 17 kati ya 20. Tatu zilizokatwa ni za tahajia.